Matanga ya Mwalimu Aliyekwenda Sokoni

Swali lenu ni moja, na mmeniuliza njiani, sokoni, hata kanisani watu wakipanga foleni ya sadaka: je, Mwalimu alikipenda kitenge? Jibu fupi ni ndiyo, sasa anakipenda. Jibu refu ndilo hili. Naliandika mara moja ili niache kulirudia mpaka sauti inakauka.

Kwa mliojiunga na kikundi chetu juzi, ambao Mwalimu Nabintu mnamjua kwa jina tu, ni mama wa Kivu, Kongo, aliyeingia Kigoma kama mkimbizi. Aliomba ghala la mawese lililokuwa tupu, akaanza kutufundisha kusoma na kuandika humo, wenyeji na wageni pamoja. Tulirudi nyumbani tunanuka mawese mpaka kwenye nywele. Mimi Tausi nilikuwa nimezaa nikiwa bado mwanafunzi, na shule ilikuwa imenifungia mlango. Mwalimu akatukusanya wasichana wa aina yangu, kila mmoja na mtoto wake mgongoni, akatupeleka kukaa kwenye ngazi za ofisi ya elimu. Watoto walilia, tukawanyonyesha palepale, na maofisa wakawa wanaturuka kila wakienda chai. Hatukuondoka mpaka walipokubali tufanye mtihani. Leo nafundisha darasa la nne, na yule mtoto wa mgongoni ni nesi.

Baadaye Mwalimu alihamia Brussels, Ubelgiji. Akapiga deki maofisini, akawaogesha wazee wa watu, na Jumamosi akafungua tena darasa lake, safari hii Matonge, mtaa wenye Wakongo wengi. Sasa mwaka huu akatupigia simu na sauti haikuwa yake. Chumba cha darasa ni cha komini, yaani serikali ya mtaa, na wanafunzi walikuwa wamebaki watatu. Mtu wa komini angekuja Jumamosi moja kuangalia, na akikuta viti vitupu chumba wangepewa wengine. "Nimechoka, nitarudisha funguo tu," alisema. Mwanamke aliyetukalisha kwenye ngazi za serikali anasema amechoka! Siku hiyo sikula. Ndipo mkaamua niende nimtie moyo kabla ya Jumamosi hiyo, na nimpelekee vitenge vyenye picha yake, avae yeye na rafiki zake wote.

Kigoma hadi Dar

Treni iliondoka kwa wakati, jambo lililonitia wasiwasi tangu mwanzo. Tabora tulinunua asali. Kabla ya Saranda injini ikakohoa, ikanyamaza, nasi tukashuka kunyoosha miguu porini. Mama mmoja wa Uvinza niliyekaa naye alifungua ndoo yake ya migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, akaigawa behewa zima kama vile tumealikwa. Tulipofika Saranda hakuna aliyekuwa na njaa, lakini kupita Saranda bila kula kuku ni ukaidi, kwa hiyo nilikula.

Dar nilivifuata vitenge kwa mchapaji wetu wa Kariakoo. Picha ilikuwa nzuri kweli, Mwalimu anatabasamu kwenye duara, na chini yake maneno tuliyoyachagua wote: ASANTE KWA YOTE, MWALIMU. Sema yule bwana alikuwa ameishiwa rangi ya kijani, akaweka pindo jeusi. Akaniambia jeusi linatuliza macho. Nami nikaliona limetulia, na gauni langu likashonwa siku ileile. Kwetu sura ya mtu ikikaa kwenye kitenge ni ya rais, askofu, au mwalimu mkuu anayestaafu, na sikuwaza zaidi ya hapo.

Addis, ambako sikupanga kulala

Ndege ya kuendelea ilipata hitilafu, tukapelekwa hotelini. Nilikuwa nifike Brussels Alhamisi, nikawa natazama Ijumaa ikiisha huku nimekaa kwenye kochi la watu. Jumamosi ndiyo siku ya komini! Nilikuwa na hasira kiasi kwamba walipoleta injera nilimwita mhudumu nikamwambia chapati zao zimechacha.

Bwana mmoja wa meza ya pili alicheka mpaka akavua miwani. "Ndivyo ilivyo hiyo, dada. Kula tu." Huyo alikuwa Saidi, Mrundi wa Bujumbura mwenye kofia ya kufuma, anayehudumia wazee huko Brussels. Alikuwa anarudi kazini baada ya kumwoza binti wa dada yake. Nilimweleza safari yangu, akasema anakaa jirani na Matonge, na angenifikisha mpaka kwa mtu anayemjua Mwalimu. Nilimwombea dua palepale, mimi na Ukristo wangu.

Nilimpigia Mwalimu kumwambia nimekwama, hakupokea simu. Mnamkumbuka: simu yake huishi mezani, yeye huishi barabarani.

Kutoka uwanjani hadi Porte de Namur

Tulitua Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge ili Mwalimu anione kwa mbali, na juu yake sweta mbili na koti la mwanangu lililofungwa mpaka kidevuni, kwa hiyo sura yake ilikuwa imelala salama ndani kama andazi kwenye kitambaa. Hakuna aliyeiona, hata Saidi.

Ofisa wa forodha alifungua begi langu, akakutana na dagaa wa Kigoma. Hakuwa amejiandaa. Alirudi nyuma, akamwita mwenzake, naye akarudi nyuma. Saidi akasema kwa Kifaransa kwamba ni samaki wadogo, wakavu, na kwamba ndani ya sufuria wanabadilika tabia. Wakalifunga begi haraka kuliko walivyolifungua.

Treni ikatuleta katikati ya mji, tukashuka chini ya ardhi kupanda metro, tukabadilisha mara moja, tukatokea Porte de Namur, kituo cha Matonge. Nilitegemea kuona Ulaya. Nikaona mihogo, mafungu ya matembele, bango la nywele za kusuka, na mzee mwenye suti ya njano anayemgombeza mtu kwa Kilingala. Saidi akaniingiza kwenye jengo lenye saluni nyingi, akanikabidhi kwa mwenye saluni mmoja. "Maman Bahati, huyu ni mgeni wa Maman Nabintu, ametoka Kigoma. Mimi nachelewa zamu." Akaondoka mbio. Laiti angekaa kidogo!

Kwa Maman Bahati

Nilimwamkia shikamoo. Akacheka, akasema, "Jambo, maman. Karibu, kaa." Ni mama wa Bukavu, mnene, mwenye kitana kichwani. Saluni ilikuwa na joto la jiko, kwa hiyo nikafungua koti, nikavua sweta ya kwanza, nikavua ya pili.

Maman Bahati akatazama tumbo langu. Kitana kikaanguka.

"Maman Nabintu! Mungu wangu, Maman Nabintu weee!"

Akapiga magoti, akalaza shavu lake kwenye ile picha, akalia. Wateja wakaja na nywele nusu zimesukwa, wakaangalia, wakaanza kulia nao. Mimi nikasema moyoni, jamani, Mwalimu anapendwa huku! Machozi yakanitoka na mimi, na hayo ndiyo yaliyoharibu kila kitu.

"Unatoka kwabo?" akaniuliza.

"Natoka Kigoma. Wanafunzi wake ndio walionituma."

"Na bakakutuma na pagne?"

"Ndiyo. Vitenge vingine vimo kwenye begi. Kila mtu atapata chake."

"Bantu ba Kigoma ni bantu kweli." Akajifuta macho. "Na yeye, ilikuwa namna gani? Alikuwa mugonjwa?"

"Ugonjwa hapana. Tulipoongea naye mara ya mwisho alisema amechoka tu."

"Kuchoka tu?"

"Kuchoka tu. Akasema basi, anarudisha funguo."

Wote wakapiga yowe. Maman Bahati akachukua simu, akapiga. "Iko inaita tu, muntu hachukue."

"Hutampata huyo kwa simu," nikamwambia, nikijua tabia yake.

Yowe lingine.

Mtaniuliza mbona sikuelewa. Ngoja niwaeleze jambo nililolijua baadaye. Kwa wale ndugu zetu, sura ya mtu kwenye kitenge chenye pindo jeusi, kinachogawiwa na mjumbe wa familia kutoka mbali, huwa ni ya marehemu. Ndiyo sare ya matanga. Halafu habari yenyewe hairopokwi na mtu yeyote. Inasubiri mtu wa familia aitangaze, na mtu wa familia nilikuwa mimi. Kwa hiyo walinipa chai ya moto, wakanivua viatu, wakanishika mikono bila kusema neno, na mimi nikanywa chai yao nikifikiri sijawahi kuona watu wakarimu namna hii.

Darasani

Darasa liko barabara ya pembeni, hatua chache kutoka Chaussée d'Ixelles. Maman Bahati alikuwa na ufunguo wa akiba. Mwalimu hakuwepo. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi, nami nikajiambia atakuwa anajiandaa kwa ajili ya mgeni wa komini. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: alikuwa soko la Flagey anachagua matunda ya kumkaribishia.

Niligawa vitenge. Wanawake wakajifunga, wengine wakajitanda. Tangu saluni Maman Bahati na wateja wake walikuwa wakipiga simu, waje wote darasani, mjumbe wa Kigoma amefika; watu wakaanza kuingia, na wakaingia, na wakaingia. Wengine walitoka Liège, wengine Antwerpen, wameacha zamu zao. Akina mama wa Bujumbura waliojitanda mitandio walileta sambusa na birika kubwa za chai. Wakongo walileta sombe, yaani kisamvu, wali, na mikate ya kukaanga ambayo sisi tungeiita kalimati zilizonenepa. Viti vilisukumwa ukutani, wanawake wakaketi chini, wanaume wakajaa koridoni. Nikadhani ni ufundishaji wa kisasa. Halafu, niseme ukweli, nikamkasirikia Mwalimu kidogo. Wanafunzi watatu! Nimevuka bara zima kwa ajili ya wanafunzi watatu, na hapa hata pa kuweka mguu hakuna.

Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mama mmoja wa Bukavu akasema, "Miye nilikuwaka nasafisha maofisi. Mutoto wangu alikuwa na homa, docteur akanipa karatasi, sikujue kama dawa ni ya kunywa ama ya kupaka. Maman Nabintu alinikalishaka hapa, akaniambia: sitakusomea, utajisomea weye mwenyewe. Leo njo miye nasomea bazee dawa yabo. Ni kazi yangu."

Papa mmoja wa Bujumbura akafuata. "Shuleni waliniambia mtoto wangu masomo hayawezi, apelekwe ufundi. Bon, mimi nikakubali, maana sikujua kukataa kwa Kifaransa. Maman Nabintu akanirudisha kulekule, akakaa kwenye kiti cha directeur mwenyewe, akasema hainuki mpaka mtoto apewe mtihani. Donc, mtoto ni ingénieur sasa."

Nililia kama mtoto. Ngazi zilezile za Kigoma, nikawaza, ila amezibeba mpaka huku. Nilikuwa bado nalia pale mzee mmoja mwenye tai nyeusi aliponisogelea, akainama kwa heshima.

"Maman, weye njo wa familia. Tuambie sasa. Mwili utafika lini?"

Nilimwangalia. Nikaangalia chumba, wanawake sakafuni, pindo jeusi kila mahali, sura ya Mwalimu kwenye kila tumbo. Nikapaza sauti:

"Jamani, Mwalimu hajafa!"

"Amen!" chumba kizima kikajibu.

"Nasema hajafa! Yupo hai!"

"Anaishi ndani yetu! Amen!" Na mtu akaanzisha wimbo.

Wimbo ulikuwa umefika pazuri pale mlango uliposukumwa na kigari cha sokoni, majani ya vitunguu yakichungulia juu. Nyuma yake akaja Mwalimu Nabintu, na koti lake la bluu na pumzi za mtu aliyepanda kilima. Akasimama.

"Kuko nini hapa?" akauliza. "Nani alikufa?"

Akaiona sura yake kwenye kifua cha Maman Bahati, akaiona mgongoni mwa mama mwingine, akaiona ikimtabasamia kutoka kwa watu ambao hakuwa amewaona miaka. Mwisho akaniona mimi. "Tausi," akasema polepole, "umefanya nini?"

Mtu mmoja akacheka, kicheko kikashika chumba kama moto kwenye nyasi. Maman Bahati alimrukia, akampapasa mikono na mashavu kuhakikisha, akalia upya. Nilieleza, nikaeleza tena, na kila nikitaja pindo jeusi wanaanguka upya.

Ila Mwalimu hakucheka. Alingoja waishe.

"Bon. Minaona munajua njia ya kuya hapa. Metro inatembea, bus inatembea. Kila samedi napanga viti, napangua viti, miye na bale bamama tatu. Nilikuwa najiuliza nimewakosea nini. Kumbe ilibakia nife tu?"

Niliumia, maana niliona alikuwa amelia peke yake Jumamosi nyingi humo ndani.

Maman Bahati ndiye aliyemjibu, macho yake sakafuni. "Usikasirike, Maman. Shiye tuliacha kuya juu tulijua kusoma. Ulitufundisha, tukapata kazi, njo tukaenda kutumika. Hakuna mwenye alikukimbia."

Na hapohapo ndipo alipoingia mtu wa komini, bibi mrefu wa Kibelgiji mwenye skafu. Akatazama umati, akatazama vitenge, akamwuliza Mwalimu kwa Kifaransa kama ni sherehe au hawa wote ni wanafunzi wake. Maman Bahati akawa ananitafsiria sikioni.

Nawaambia wazi, mimi ningedanganya. Ningesema hawa wote ni wanafunzi, karibu, kula sambusa. Chumba kilikuwa kimejaa, ilibaki Mwalimu akubali tu. Nilimkazia macho aseme.

"Anasema hapana," Maman Bahati akanong'ona. "Anasema, Madame, wanafunzi yangu ni bale bamama tatu pa dirisha. Hawa wengine walikuya kunilia. Balifikiri nimekufa."

Yule bibi aliangalia akina mama watatu wa dirishani, akawaangalia wengine wote. Akauliza kama kuna mwingine humo ndani ambaye huja Jumamosi. Hakuna aliyeinua mkono. Mwalimu akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa funguo.

Ndipo Maman Bahati akasimama. Alisema kwanza kwa Kifaransa, akamgeukia Mwalimu akasema kwa Kiswahili. "Samedi niko nafunga salon. Nitakuya kufundisha miye. Kwenye jengo yangu kuko bamama balifika juzi, hawajue kusoma ata jina ya bus. Nitabaleta."

"Hesabu niachieni mimi," akasema yule papa wa Bujumbura.

"Miye nitasomesha karatasi za docteur," akasema yule mama aliyekuwa akisafisha maofisi. Kisha wakaanza kusema wote kwa mpigo, nani anafahamu mgeni gani, nani ana zamu lini, mpaka bibi wa komini akainua mikono yote miwili.

"Nani aliwaambia munajua kufundisha?" Mwalimu akauliza kwa ukali.

"Weye," Maman Bahati akajibu.

Yule bibi akakaa. Akapewa sahani, akala sombe na mkate wa kukaanga, akaomba kuongezewa. Alisema chumba kibaki hadi majira ya joto, halafu atarudi kuona kama walikuwa wanasema kweli au walikuwa na furaha tu. Mwalimu aliurudisha mkono mfukoni pamoja na funguo, akaketi kwenye kiti cha karibu, akajifunika uso. Nilimkumbatia. Alikuwa anatetemeka, na alikuwa anacheka.

Jumamosi iliyofuata

Msidhani walikuja wote. Waliosema kwa sauti kubwa zaidi ndio niliowakosa. Lakini walikuwepo wa kutosha, na kila mmoja alikuwa na mgeni pembeni yake: mama aliyefika majira haya na bado anavaa ndala na soksi, dada wa Uvira mwenye mtoto kifuani, wake wa ndugu wawili kutoka Buyenzi, Bujumbura, wanaoshikana mikono kila mahali. Maman Bahati alisimama ubaoni amevaa kitambaa kipya kichwani na jasho likimtoka. Alikuwa ameandika herufi za kwanza kubwa mno, akakosa nafasi ya zilizofuata, akafuta, akaanza upya.

Mwalimu alikuwa ameniambia nitangulie. Nilimwacha nyumbani anabadilisha blauzi, anavua, anavaa nyingine, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa wa kwanza kufungua mlango. Naye alikuja somo likiwa limeshaanza, kiunoni amejifunga kitenge chenye sura yake, akasukuma mlango taratibu, akasimama pale akiangalia ubao.

Maman Bahati akageuka na chaki mkononi. Niliona anapigana na nafsi yake. Halafu akanyoosha mgongo.

"Maman," akasema, "umechelewa."

"Nisamehe, Mwalimu," akasema Nabintu. Akapita katikati ya madawati akitafuta mahali, akakosa, akamwomba yule dada wa Uvira amsogelee kidogo, akakaa.